Madoa kwenye majani ya mshubiri: namna ya kuyasoma na kuyazuia



Si ajabu kuingia kwenye fleti ya ndugu yako hapa Granville ukakuta mshubiri dirishani, umepandwa kwenye kopo la maziwa ya unga au kwenye chungu cha plastiki. Wengine huuita alovera. Mara nyingi chipukizi lake lilitoka kwa jirani, halikununuliwa. Pembeni yake utakuta mimea mingine yenye majani manene yanayotunza maji: ule wa majani marefu yaliyosimama kama mapanga, ambao asili yake ni misitu ya Afrika kuanzia Nigeria hadi Kongo, au kalankoe yenye maua mekundu, ambayo kwao ni Madagaska.

Mimea hii haitaki kazi nyingi, na ndiyo maana watu huipenda. Halafu siku moja majani yanatoka madoa, na mwenye mmea anafanya moja kati ya mambo mawili: anaongeza maji, au anakimbilia dukani kununua dawa. Yote mawili kwa kawaida huzidisha tatizo. Katika somo la mwezi huu tutajifunza kulisoma doa kwanza, kabla hujatoa hata senti moja.

Tumelichagua somo hili sasa kwa sababu baridi inakuja. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi ya Sydney. Ni miezi ileile ya kipupwe kule pwani, lakini huku tunafunga madirisha, tunaanika nguo ndani, na asubuhi tunakuta maji yanatiririka kwenye kioo. Mmea uliokaa kwenye dirisha hilo unapata baridi na unyevu kwa pamoja, na magonjwa mengi ya majani huanzia hapo.

Kwanza uliza: ni ugonjwa kweli?

Mshubiri mchanga huwa na vitone vyeupe kwenye majani. Amezaliwa navyo. Akikua, vingi hufutika; aina nyingine hubaki navyo maisha yote. Wapo watu wanaong'oa machipukizi yenye afya kabisa kwa sababu ya vitone hivyo, na ni hasara ya bure.

Kuna pia ule mti mdogo kutoka Afrika Kusini, wenye majani ya mviringo yanayong'aa, ambao watu wengi huuweka karibu na mlango wakiamini unaleta pesa. Kwenye majani yake utaona chembe nyeupe kama chumvi. Hizo ni chumvichumvi za maji zinazotoka kwenye vitundu vidogo vya jani na kukauka juu yake. Futa kwa kitambaa kibichi. Zikitoka, basi hakuna ugonjwa.

Ikiwa doa halifutiki na halikuwepo mwezi uliopita, jiulize maswali matatu. Je, linakua? Je, ni kavu au lina majimaji? Na liko upande gani wa mmea: upande wa dirisha tu, sehemu ya chini karibu na udongo, au limetapakaa kila mahali?

Swali la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na macho peke yake hayatoshi kulijibu, maana tukiwa na wasiwasi kila doa huonekana limekua. Tumia simu. Weka sarafu ya senti tano karibu na doa, piga picha, kisha rudia baada ya siku saba ukiwa na sarafu ileile. Linganisha. Doa lisilokua ni kovu, na kovu halitibiwi. Doa lililokua ni jambo linaloendelea.

Doa la jua

Wengi wetu tumetoka karibu na ikweta. Bukavu, Kigoma au Kakuma, jua la saa sita mchana liko karibu na utosi, na kwa mwaka mzima linahamahama kidogo kusini na kaskazini. Hapa sivyo. Granville iko kusini sana, na jua la mchana huwa upande wa kaskazini daima. Dirisha linalotazama kaskazini hupata jua hata Julai, tena jua la chini linaloingia ndani kabisa ya chumba. Dirisha la kusini ndilo linalopata jua la moja kwa moja kidogo kuliko yote. La magharibi ndilo kali kuliko yote wakati wa kiangazi, kuanzia saa nane mchana hadi jioni.

Na kiangazi cha upande wetu huu wa Sydney si cha mchezo, kwa sababu upepo wa bahari hutufikia umechoka. Tarehe 4 Januari 2020, Penrith, iliyoko magharibi yetu kwenye njia hiihii ya treni, ilifika nyuzi 48.9. Siku kama hiyo, jani lililoegemea kioo cha magharibi huungua.

Doa la jua hulijua hivi: liko upande mmoja tu, ule unaotazama kioo. Linaanza kwa kupauka, halafu linakuwa la kahawia, kavu, kama karatasi. Halikui. Usilikate, jani bado linafanya kazi. Usogeze mmea hatua moja ndani, au weka pazia jepesi. Ukitaka kuutoa mmea wa ndani kwenda roshani, uzoeshe kwa wiki mbili, saa chache za jua la asubuhi kwanza, kisha uongeze. Mshubiri mzima ukigeuka rangi ya udongo mwekundu bila madoa, nao unalalamika jua. Uhamishe, utarudi kijani taratibu.

Baridi pia huunguza. Jani linalogusa kioo usiku wa Julai linaweza kuamka na baka laini lenye rangi ya maji. Acha nafasi ya kiganja kati ya jani na kioo.

Vijipele na madoa ya maji

Ukiona vijipele vigumu vya kahawia, kama gome, hasa upande wa chini wa jani, mmea umekunywa kuliko ulivyoweza kutoa. Mizizi imevuta maji, hewa ni baridi na nzito, jani halipumui vya kutosha, basi chembechembe zake za ndani zinapasuka na kuacha kovu. Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Punguza maji. Makovu yatabaki, lakini majani mapya yatatoka safi.

Sasa tuje kwenye kuvu. Waliolima maharage au maembe wanaijua chule. Ndugu zake hushambulia hata mimea hii ya majani manene. Doa huanza dogo, kama tone la maji chini ya ngozi ya jani. Baada ya siku kadhaa linabonyea katikati, linakuwa la kahawia au jeusi, na mara nyingine ndani yake unaona vitone vidogo vya rangi ya waridi au ya machungwa. Hizo ndizo mbegu za kuvu. Linakua, na baada ya muda madoa mawili huungana kuwa moja.

Mbegu hizo husafiri kwa matone ya maji. Unapomwagilia mmea kutoka juu kama unavyoosha gari, tone linaruka kutoka jani bovu hadi jani zima, kutoka chungu hiki hadi kile. Mtu aliyejifunza kumwagilia kwenye udongo tu, pembeni ya shina, tena asubuhi, amekwisha kuzuia sehemu kubwa ya ugonjwa huu bila dawa yoyote.

Jani lenye chule likatwe. Chukua kisu kikali, kifute kwa spiriti, na ukate kwenye sehemu yenye afya, sentimita moja au mbili nje ya doa. Kama madoa ni mengi, toa jani lote mpaka shinani. Futa kisu tena kabla ya kugusa mmea mwingine. Hapa ndipo watu huchoka na kuruka hatua, na kisu kinageuka msambazaji. Kidonda kiache wazi kikauke, usimwagilie kwa wiki moja. Wengine hunyunyizia mdalasini wa unga. Si vibaya, ila kinachoponya ni ukavu. Majani yaliyokatwa yafunge kwenye mfuko na kuyatupa kwenye pipa la kifuniko chekundu, usiyaache juu ya udongo.

Kutu ya mshubiri ni kuvu nyingine. Inaanza na vitone vya manjano au rangi ya machungwa, kisha vinakuwa duara nyeusi, ngumu, zenye ukingo safi kana kwamba zimepigwa muhuri. Inatisha kwa macho kuliko kwa madhara. Jani lenyewe hulizingira doa na kulifunga pale pale, na mmea mara chache hufa. Toa majani yaliyozidiwa, tenganisha vyungu hewa ipite, basi.

Kinachoua ni uozo wa chini. Shina karibu na udongo linakuwa laini, majani ya chini yanageuka kama yamechemshwa, na kuna harufu. Usipoteze siku. Ng'oa mmea, kata juu kabisa mahali ambapo ndani hapana rangi ya kahawia hata kidogo, weka kipande hicho kivulini juu ya gazeti siku tano hadi saba mpaka kidonda kifunge, kisha pandikiza kwenye udongo mkavu. Machipukizi ya pembeni yakiwa magumu, nayo yanaokolewa vivyo hivyo. Udongo wa zamani utupwe wote, na chungu kioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

Wadudu wanaojifanya ugonjwa

Weupe unaofanana na pamba kwenye maungio ya majani si kuvu. Ni wadudu wanaofyonza utomvu. Wakulima wa Tanzania huwaita vidung'ata. Ndugu kutoka Kongo wanawajua jamaa zao wa kwenye muhogo. Kidung'ata cha muhogo kiliingia Kongo kutoka Amerika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kikatia watu njaa, mpaka alipoletwa nyigu mdogo sana kutoka hukohuko Amerika Kusini akakidhibiti. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kwenye chungu chako hatuhitaji nyigu. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti, mguse mdudu mmoja mmoja, rudia kila wiki kwa mwezi mzima, kwa sababu mayai yaliyojificha huanguliwa. Ukiona masizi meusi yanayofutika kwa kidole, na sisimizi wanapanda na kushuka, tafuta wadudu hao. Masizi huota juu ya utamu wanaoutoa. Jaribu spiriti kwenye jani moja kwanza, na usifute ule unga mweupe wa asili ulioko kwenye baadhi ya mimea, maana ndio nguo yake.

Maji, chungu na udongo

Wakati wa kiangazi, mshubiri wa ndani hunywa kila baada ya wiki mbili au zaidi kidogo. Kuanzia Juni hadi Agosti, mara moja kwa mwezi inatosha kwa vyungu vingi. Usifuate kalenda peke yake. Chomeka kijiti cha mbao, kama cha mishikaki, mpaka chini ya chungu, na ukichomoa kikiwa na udongo uliong'ang'ania, subiri. Chungu lazima kiwe na matundu. Kopo la maziwa litobolewe kwa msumari mara tano au sita. Kisahani cha chini kimwagwe nusu saa baada ya kumwagilia.

Udongo wa bustani peke yake ni mzito. Nunua ule uliotengenezewa mimea ya majani manene, au changanya udongo wa mfukoni na mchanga wa chengachenga, sehemu sawa kwa sawa. Usichukue mchanga wa ufukweni, una chumvi.

Hapa kuna onyo ambalo wengi hulipita kwa sababu limeandikwa kwa Kiingereza kwenye mfuko. Mifuko ya udongo wa kupandia inayouzwa Australia, ile iliyoandikwa Potting Mix, inaweza kuwa na bakteria aitwaye legionela, ambaye huleta homa kali ya mapafu kwa mtu anayevuta vumbi lake. Sababu hii ndiyo iliyoweka picha ya barakoa na glavu kwenye mfuko. Fungua mfuko nje au kwenye roshani, ukiwa umegeuza uso pembeni. Lowesha udongo kidogo ili usitoe vumbi. Vaa barakoa na glavu, na unawe mikono kabla ya kula, kuvuta sigara au kumbeba mtoto. Mzee, mgonjwa wa mapafu, au mvuta sigara ni bora ampe mtu mwingine kazi hii. Na kama baada ya siku kadhaa utapata homa, kikohozi na kukosa pumzi, mwambie daktari wazi kwamba ulishika udongo wa mfukoni.

Jani lenye doa na mwili wako

Mshubiri kwetu si pambo tu. Kuna wanaoupaka ngozini, kuna wanaoukamua na kuunywa. Basi shika haya. Jani lenye doa la kuvu au la uozo halipakwi kwenye ngozi wala haliingii mdomoni. Mmea uliopuliziwa dawa ya dukani, iwe ya kuvu au ya mende, ni wa kutazama tu. Andika tarehe na jina la dawa kwenye chungu ili shangazi aliyekuja kutembea asiukate bila kujua. Hii ndiyo sababu kubwa ya kusema usikimbilie dawa. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya kahawa wanaujua mrututu, na dawa za shaba za hapa ni za ukoo huo. Kwenye ua la kutazama zina mahali pake, ukifuata maelezo ya kibandiko neno kwa neno. Kwenye mshubiri wa kutumia, hapana.

Hata jani safi lina vitu viwili ndani yake. Utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda ndio shubiri yenyewe, ile ya msemo wetu chungu kama shubiri, ambayo kina mama wa pwani waliipaka kwenye titi kumwachisha mtoto ziwa. Inaharisha vikali. Mama mjamzito asiinywe, na watoto wasipewe. Ute mweupe wa katikati ndio watu hupaka. Lakini mtoto akiungua kwa chai au mafuta, usianze na mshubiri. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji ya bomba ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ikiwa ameungua sana, piga 000.

Kama una mnyaa nyumbani, ambao hapa huuzwa kwa ajili ya vijiti vyake vyenye rangi ya moto, usiukate bila glavu na miwani. Maziwa yake yakiingia jichoni huumiza vibaya. Osha mara moja kwa maji mengi na upige simu Kituo cha Taarifa za Sumu, 13 11 26, saa yoyote ya usiku au mchana. Ukitaka mkalimani wa Kiswahili, piga kwanza 131 450.

Mmea wako ukifa, chukua chipukizi kwa jirani. Usimwombe ndugu anayesafiri kutoka nyumbani akuletee kwenye begi. Sheria za mpakani za Australia ni kali sana kuhusu mimea, mbegu na udongo, na asiyetaja alichobeba anaweza kutozwa faini kubwa uwanjani. Nchi hii ina sababu: mpungate ulioletwa kutoka Amerika ulifunika mamilioni ya hekta za Queensland na New South Wales kabla ya viwavi wa nondo kutoka Argentina kuutafuna katika miaka ya 1920 na 1930.

Mmea unapoisema nyumba

Umemwagilia kwa kiasi, umekata, umebadilisha udongo, na bado madoa ya kuvu yanarudi kwenye mimea ya chumba kimoja. Sogeza kitanda na kabati utazame ukuta wa nyuma. Mara nyingi utakuta weusi uleule. Chumba ambamo jani halikauki ni chumba ambamo watoto wanalala na unyevu, na kwa mtoto mwenye pumu kuvu ya ukutani inaweza kuamsha shambulio.

Fungua madirisha mawili yanayoelekeana kwa dakika 15 kila siku, hata kama ni baridi. Washa feni ya bafuni unapooga na unapoanika nguo. Kama maji yanatoka kwenye dari, bomba au ukuta wenyewe, hilo si la pazia wala feni, ni la mwenye nyumba. Piga picha, mwandikie wakala kwa barua pepe au ujumbe wa maandishi ukitaja tarehe uliyoona tatizo, na utunze nakala. Kumwambia kwa mdomo mlangoni hakuachi ushahidi. Kama Kiingereza cha kuandika ni kigumu, njoo na simu yako ofisini tuandike pamoja.

Kazi ya mwezi huu

Chagua jani moja lenye doa nyumbani kwako. Liwekee sarafu ya senti tano, piga picha, na umwombe mtoto aandike daftarini tarehe, dirisha linatazama upande gani, na siku ya mwisho uliyomwagilia. Baada ya siku saba piga picha ya pili mahali palepale. Njoo na picha zote mbili darasani, usije na jani lenyewe, tusiambukizane vyungu.